ISTANBUL KWA SIKU MOJA: Jinsi ya kukodi mwongozaji wa peke yenu bila kugusa hela ya mzigo



Kila nikirudi Uturuki kuchukua mzigo kuna swali halikosi kwenye meseji zangu: "Dada, Istanbul yenyewe ikoje?" Ukweli ni kwamba wengi wetu tunaoenda kule hatuijui Istanbul. Tunaijua Laleli. Tunajua Merter na Osmanbey, tunajua ofisi ya wakala wa mizigo na mgahawa mmoja wa wali. Siku tano zinaisha tunarudi nyumbani, na mji wenye watu zaidi ya milioni 15 tumeuona kupitia dirisha la gari la uwanja wa ndege.

Safari iliyopita tulikuwa wanne, wote wa nguo na mapazia. Tukakubaliana siku moja iwe ya kuujua mji, na tuwe na mtu wa kutuongoza sisi peke yetu. Leo nakueleza tulivyopanga, hela ilivyotembea, mitego iko wapi, na kwa nini mimi naiona siku ile kama sehemu ya kazi.

KWA NINI MWONGOZAJI BINAFSI NA SIO KUNDI LA BASI?

Ukiwa na kundi la watu 30 unafuata bendera. Akisema dakika kumi, ni dakika kumi. Na mara nyingi ratiba ina kituo kwenye duka la mazulia au la ngozi ambacho wewe hukukiomba.

Mkiwa na mwongozaji wenu, nyie ndio mnaamua. Kwetu kulikuwa na sababu nyingine kubwa: wawili kati yetu Kiingereza kinawapa shida. Mwongozaji anaeleza, mimi natafsiri kwa Kiswahili, wanauliza, najibu. Kwenye kundi la watu 30 nani atakusubiri utafsiri?

Halafu kuna hesabu. Mwongozaji binafsi kwa kawaida analipwa kwa siku, sio kwa kichwa. Sisi tulielewana dola 160 kwa siku nzima. Ukigawa kwa wanne ni dola 40 kila mmoja. Ukienda peke yako, 160 yote ni yako. Kwa hiyo huu ni mpango wa watu watatu mpaka sita. Zaidi ya hapo mnaanza kupotezana barabarani.

HESABU KAMILI, TUSIDANGANYANE

Mwongozaji sio gharama pekee. Tiketi za kuingia mnajilipia wenyewe, na za Istanbul sio za kuchezea. Hagia Sophia, ambayo Waturuki wanaiita Ayasofya, tangu Januari 2024 mgeni anayekwenda kutembea analipa euro 25. Birika la chini ya ardhi lina tiketi yake. Jumba la masultani la Topkapı nalo lina yake, na kulimaliza vizuri kunakula nusu siku.

Sisi tulitenga dola 130 kila mmoja kwa siku nzima: mwongozaji, tiketi, usafiri, chakula na bakshishi. (Na Waturuki nao wanasema bahşiş, kwa hiyo hapo mtaelewana haraka.) Topkapı tukaiacha. Hela na muda wake tukavipeleka masokoni, maana sisi ni watu wa soko.

Najua unachofikiria. Dola 130 ni kama gauni kumi za jumla. Ni kweli, sikatai. Kama mtaji wako bado unahesabu kila gauni, usifanye siku kama yetu. Fanya nusu siku: kodi mwongozaji kwa saa nne, nenda sehemu ambazo hazina kiingilio. Msikiti wa Bluu ni bure. Uwanja wa kale ulio mbele yake ni bure. Masoko yote mawili makubwa ni bure kuingia, na kivuko cha kwenda ng'ambo ni nauli ndogo tu. Mji utauona na gauni zako nyingi zitabaki.

KANUNI YA BAHASHA

Hii ndio pointi ambayo ukiikosa, mengine yote hayana maana.

Kabla ya kutoka hotelini, kila mtu alitenganisha hela yake: bahasha ya mzigo, bahasha ya kusafirisha na kutoa mzigo, bahasha ya kula na kulala, bahasha ya matembezi. Bahasha tatu za kwanza zilibaki kwenye sefu pamoja na pasipoti. Tuliondoka na bahasha ya matembezi na nakala ya pasipoti tu.

Nitakuonyesha umuhimu wake. Mchana, ndani ya soko, mwenzetu mmoja alisimama kwenye duka la mazulia. Chai ikaletwa. Zulia likakunjuliwa, la pili, la tano. Bei ikaanza dola 900. Baada ya nusu saa ikawa 420, na muuzaji anasema anampa kwa sababu ni mgeni wake wa kwanza kutoka Tanzania. Zulia lilikuwa zuri kweli. Na yule dada hotelini alikuwa nazo dola mia nne na kitu, ila zilikuwa za kutolea mzigo wake bandarini. Akaushika ule ukingo wa zulia, akanyamaza kidogo, akasema, "Hela ninayo, ila sio yangu, ni ya mzigo." Tukaondoka. Nina hakika zile hela zingekuwa kwenye mkoba wake, zulia lingekuja Dar na mzigo ungelala bandarini ukihesabiwa siku.

JINSI YA KUMPATA MTU WA KWELI

Uturuki kuongoza watalii ni kazi ya leseni. Kuna sheria ya mwaka 2012 inayosimamia kazi hiyo, na mwongozaji mwenye leseni anavaa kitambulisho shingoni, wao wanakiita kokart. Ukikutana na kijana Sultanahmet anakwambia "mimi nitawatembeza, nipeni chochote", mshukuru, endelea na safari yako.

Kabla ya kulipa chochote, muulize haya, na majibu yawe ya maandishi kwenye WhatsApp:

1. Leseni yake iko wapi? Atume picha ya kitambulisho.
2. Bei ni ya saa ngapi, na ni ya mtu mmoja au ya kundi zima?
3. Bei ina nini ndani? Tiketi, usafiri na chakula ni vya nani?
4. Tiketi zinapatikanaje ili msikae foleni masaa mawili?
5. Maduka. Hapa andika wazi kabisa: "Hatutaingia duka lolote ambalo sisi wenyewe hatujaliomba."

Kwa nini namba tano ni muhimu? Kwenye miji mingi ya utalii duniani, duka linampa kamisheni aliyemleta mteja. Sio siri, hata Kariakoo tunawajua wanaokushika mkono mpaka dukani. Tatizo ni kwamba kamisheni hiyo inatoka kwenye bei yako. Mwongozaji anayejiheshimu hatakasirika ukimwambia hivyo. Wetu alijibu kwa neno moja tu: "Sawa." Na akaheshimu.

Malipo: tulitoa kiasi kidogo cha kushikilia siku, kinachobaki tukamlipa jioni baada ya kazi.

CHAGUA SIKU VIZURI

Wengi wetu tunachagua Jumapili kwa sababu maduka mengi ya jumla Laleli yanafungwa. Wazo zuri, lakini jua kwamba Soko Kuu lililofunikwa, Kapalıçarşı, nalo linafungwa Jumapili. Topkapı inafungwa Jumanne. Ijumaa mchana misikiti inakuwa ya swala, watalii wanasubiri nje. Kama Soko Kuu ni muhimu kwako, chagua Jumatatu, Jumatano, Alhamisi au Jumamosi. Kama huna siku nyingine zaidi ya Jumapili, badilisha tu: weka Soko la Viungo, hilo linafunguliwa.

Mavazi: kina mama, beba mtandio au kanga. Kina baba, sio kaptula. Na vaa viatu vya kutembelea, rahisi kuvua, maana msikitini unavivua.

SIKU YENYEWE ILIVYOKWENDA

Saa tatu asubuhi mwongozaji alitukuta hotelini Laleli. Hatukukodi gari. Tramu ya T1 inapita hapo hapo, na kutoka Laleli mpaka Sultanahmet ni vituo vitatu tu. Mnanunua kadi ya usafiri, Istanbulkart, mnaweka salio, mnagusa mnaingia. Gari binafsi kwa mji wa kale ni kulipia foleni.

Tulianza na uwanja wa kale, ambapo zamani walikuwa wanashindanisha magari ya farasi. Katikati kuna nguzo ya jiwe yenye maandishi ya Misri ya kale. Ililetwa na kusimamishwa pale mwaka 390. Fikiria usafirishaji wa mzigo huo, jiwe zima kutoka Misri, bila kreni wala kontena! Sisi tunalalamika na marobota.

Msikiti wa Bluu uko hapo hapo. Ulijengwa kuanzia 1609 chini ya Sultan Ahmed, una minara sita, na ndani umevalishwa vigae vya Iznik zaidi ya 20,000. Mwenzetu wa mapazia alipiga picha maua ya vile vigae kama dakika ishirini. Mwongozaji alitaka kumharakisha, tukamwambia mwache, huyo yuko kazini. Maua ya tulipu na mikarafuu ambayo tunayaona kwenye vitambaa vya Uturuki, yako kwenye kuta hizo kwa miaka mia nne.

Kisha Hagia Sophia. Mfalme Justinian aliijenga kati ya 532 na 537 ikiwa kanisa. Sultan Mehmed wa Pili alipouteka mji tarehe 29 Mei 1453, akiwa na umri wa miaka 21, ikawa msikiti. Karne ya 20 ikafanywa makumbusho, na mwaka 2020 ikarudi kuwa msikiti. Mtalii anaingilia mlango wake na kupanda ghorofa ya juu. Anayekwenda kuswali ana mlango mwingine chini na halipi, lakini ni kwa swala, sio kwa kuzurura. Dada mmoja kati yetu alishuka kuswali adhuhuri, sisi tukamsubiri nje. Kwenye basi la kundi asingepata nafasi hiyo.

Tukashuka birika la chini ya ardhi, Yerebatan. Ni ghala la maji la karne ya 6, lina nguzo 336, kila moja urefu wa mita 9 hivi. Ukiangalia vizuri nguzo hazifanani, maana nyingi zilitoka kwenye majengo ya zamani zaidi. Kuna vichwa viwili vya mawe vya Medusa vimewekwa kama vitako vya nguzo, kimoja kimelala ubavu, kingine kichwa chini miguu juu. Mwenzetu akasema, "Kumbe na wao walijengea mitumba." Nilipomtafsiria mwongozaji akacheka mpaka akatoa kikohozi.

SOKO KUU: HAPA NDIO TULIPOSOMA

Mehmed alipouteka mji, ndani ya miaka michache akaamuru lijengwe jengo imara la kuuzia bidhaa za thamani, lenye kufuli usiku. Kodi za maduka zikawekwa wakfu kuutunza msikiti wa Ayasofya. Kutoka jengo hilo soko likakua mpaka leo lina mitaa zaidi ya 60 na maduka kama 4,000 chini ya paa moja.

Mitaa mingi ina jina la kazi. Kuna mtaa wa washona mifarishi, mtaa wa masonara, na mtaa mkubwa wa Kalpakçılar, yaani watengeneza kofia za manyoya. Ukifika leo hakuna kofia, ni dhahabu mwanzo mpaka mwisho. Kofia zilipoacha kuuzika watu hawakuliacha eneo, walibadilisha bidhaa.

Lakini mtaa ulionigusa zaidi ni Fesçiler, wa wauza fezi, zile kofia nyekundu. Mwaka 1925 serikali ya Atatürk ilipitisha sheria ya kofia, fezi ikapigwa marufuku. Hebu jiweke wewe: duka limejaa fezi, umekopa kununua, halafu sheria inakuja na bidhaa yako haina mnunuzi tena. Sisi wa Tanzania tunaelewa, tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipokatazwa, kuna watu walibaki na stoo zimejaa. Kenya walitangulia Agosti 2017. Somo: usiweke mtaji wote kwenye bidhaa moja, na habari za sheria zisome kabla hazijafika mlangoni kwako.

Kitu kingine ni siftah. Ndio mauzo ya kwanza ya siku, yale sisi tunasema "kufungua biashara". Muuzaji mmoja aliuza skafu siku ile kwa mara ya kwanza, akaigusisha noti kidevuni kabla ya kuiweka. Mwongozaji akatueleza ni desturi ya zamani ya kuombea baraka, na kwamba zamani mwenye duka aliyeshafungua biashara alikuwa anampeleka mteja kwa jirani ambaye bado hajauza. Tulitazamana. Kwetu jirani akipata mteja wawili mfululizo tunaanza kusema ana mganga.

Utashangaa pia maneno. Duka ni dükkan, hesabu ni hesap, faida ni fayda, sanduku ni sandık, hamali ni hamal. Ukitupia maneno mawili matatu wakati wa kupatana bei, muuzaji anatabasamu na mazungumzo yanakuwa mengine.

KUTOKA SOKONI MPAKA BAHARINI

Usirudi na tramu. Teremka kwa miguu kupitia mtaa wa Mahmutpaşa. Hapo ndipo wenyeji wananunua: nguo za harusi, za watoto, mataulo, vyombo. Ni Kariakoo kabisa, mpaka kelele. Ukitaka kujua bei ya mtaani ikoje ukilinganisha na unayopewa Laleli, tembea Mahmutpaşa ukiwa umefunga mdomo na kufungua macho.

Chini kabisa ni Eminönü na Soko la Viungo. Jina lake kwa Kituruki ni Mısır Çarşısı, Soko la Misri, na lilimalizika kujengwa miaka ya 1660. Nalo kodi zake zilikuwa za kuutunza msikiti ulio jirani. Karafuu, mdalasini na iliki ziko pale kwa bei ambayo Mpemba akiisikia atakaa chini.

Tukamalizia na kivuko kwenda Üsküdar. Kama panton ya Kigamboni, tofauti ni kwamba unatoka bara la Ulaya unashukia Asia, na muda hauzidi dakika ishirini. Kutoka majini unaelewa kwa nini mji huu uligombaniwa: meli inayotoka Bahari Nyeusi lazima ipite hapo. Anayekaa pale ndiye mwenye geti.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa kwenye tramu ya kurudi Laleli.

MITEGO MITATU YA KUEPUKA

1. Mpiga viatu rangi anapita mbele yako, anaangusha brashi. Unaiokota kwa wema, anajifanya kukushukuru kwa kukusafisha viatu, mwisho anadai hela. Brashi ikianguka, ita kwa mdomo, endelea kutembea.

2. Rafiki wa ghafla anayejua Kiingereza kizuri na anakualika kinywaji sehemu anayoijua yeye. Hasa kina kaka mnaotembea peke yenu. Bili yake inaweza kumaliza mtaji.

3. Chai. Chai yenyewe sio mtego, ni ukarimu, na kuinywa hakukulazimishi kununua. Mtego ni nusu saa utakayokaa. Kwa upande mwingine, jifunze hapo: mteja aliyekaa ananunua kuliko mteja aliyesimama. Mimi nimerudi nikaweka viti viwili dukani kwangu na chupa ya chai. Kina mama wa mapazia sasa wanakaa, wanaangalia vitambaa vitano badala ya kimoja.

KABLA HUJATOKA HOTELINI, HAKIKI HAYA

- Mzigo wako umeshanunuliwa na kukabidhiwa kwa wakala, risiti unazo. Usitembee na kazi nusu.
- Bahasha tatu ziko kwenye sefu.
- Picha ya leseni ya mwongozaji na makubaliano yenu yako kwenye simu.
- Bei za tiketi mmeziangalia wiki hiyo hiyo, maana Uturuki bei zinapanda haraka.
- Mtandio, viatu vya kuvua, chupa ya maji, chaji ya simu.
- Jina na anwani ya hoteli umeiandika kwenye karatasi, simu ikizima.

Kama umeshawahi kutembea Istanbul, Guangzhou au Dubai na mwongozaji binafsi, tuambie hapa chini ulilipa kiasi gani na mlikuwa wangapi, ili wanaopanga safari ya mwezi ujao wapate pa kuanzia hesabu. Na kama kuna mwenzako anaenda Laleli hivi karibuni, mtumie hii kabla hajapanda ndege.